Mashini ya krema ya barafu ya mkono: haifanyi baridi, basi inafanya nini?

Wakati wa jua kali Kabalo, mutu akiuza kitu cha baridi pembeni ya stasio hawezi kukosa wateja. Shida si wateja. Shida ni ile baridi yenyewe. Kalemie wana umeme wa Bendera, hata kama unakatika. Huku kwetu, mwenye konjelatere anaisukuma kwa moteri ya esanse ao kwa plake za jua, na bei ya esanse inaingia moja kwa moja ndani ya bei ya barafu. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba kuko mashini ya kutengeneza krema ya barafu (wengine wanaita aiskrimu) kwa kuzungusha mkono tu, bila umeme, wanafurahi haraka na kuuliza fundi gani anaweza kuichomelea.

Fundi anaweza. Lakini kwanza tuelewane juu ya jambo moja: ile mashini haifanyi baridi hata kidogo. Ukiizungusha siku nzima bila barafu, utapata maziwa ya moto na mkono wenye kuuma. Baridi inatoka kwa barafu na chumvi. Kazi ya mashini ni kuitumia ile baridi vizuri, isipotee bure. Kwa hiyo mashini nzuri na mashini mbaya hazitofautiani kwa rangi wala kwa uzito wa chuma. Zinatofautiana kwa kilo za barafu zinazokula. Na hapa Kabalo, kilo za barafu ndizo franga.

Tuanze na chumvi. Barafu peke yake inayeyuka kwenye digri 0. Krema yenye sukari haigandi kwenye 0, sababu sukari inazuia maji kuganda. Inaanza kuganda chini kidogo, kwenye digri 2 ao 3 chini ya sifuri. Ukiweka chombo cha maziwa yenye sukari katikati ya barafu tupu, yatapoa sana lakini hayataganda, hata ungoje mpaka usiku. Ukitupa chumvi juu ya barafu, chumvi inailazimisha iyeyuke ingali chini ya 0. Na barafu haiwezi kuyeyuka bila kuvuta joto fasi fulani. Inalivuta kwa kila kitu kilicho karibu: kwa maji ya chumvi, kwa chuma cha chombo, kwa maziwa yaliyo ndani. Mchanganyiko unashuka mpaka digri 10 ao 15 chini ya sifuri. Mwisho kabisa wa chumvi ya kawaida ni digri 21 chini, pale ambapo chumvi ni karibu robo ya uzito wa yale maji. Kuzidisha chumvi hakushushi tena. Unapoteza chumvi tu.

Kipimo ambacho watu wengi wanafuata ni kopo moja la chumvi kwa makopo matano hivi ya barafu iliyopondwa. Chembe kubwa za chumvi ni bora kuliko unga mwembamba, juu unga unakimbia chini mara moja na kuacha barafu ya juu bila kitu. Hapa Tanganyika chumvi haijawahi kuwa jambo geni: ile ya Uvinza, ng'ambo ya ziwa, imevuka maji kuja upande wetu tangu mbele ya wazungu.

Sasa mashini yenyewe. Kwa nje kuko ndobo ya mbao. Ndani yake kunasimama chombo cha chuma, kirefu na chembamba, chenye kifuniko. Kati ya ndobo na chombo kunabaki nafasi, upana wa vidole vinne hivi, ambayo inajazwa barafu na chumvi kwa matabaka. Ndani ya chombo kuko kikwangulio: fimbo yenye mabawa ya mbao yanayogusa ukuta wa chombo. Juu ya vyote kuko daraja la chuma linalobeba pinyo mbili za meno na mkono wa kuzungushia, ile maniveli.

Kila kitu kati ya hivyo kina sababu yake. Ndobo ni ya mbao sababu mbao haipitishi joto haraka. Ndobo ya bati inaruhusu joto la Kabalo liingie na kuyeyusha barafu kutoka nje, na ile barafu inakufa bila kugusa maziwa. Chombo cha ndani ni kinyume: kinapaswa kuwa chuma chembamba, joto la maziwa lipite upesi. Mutu akikuuzia mashini yenye ndobo ya bati na chombo kinene cha kutupwa, amekuuzia kitu chenye kula barafu pande mbili. Kama huna mbao nzuri, ndobo ya plastiki iliyovikwa magunia ao maganda ya mpunga ndani ya ndobo nyingine kubwa inatosha kabisa. Haipendezi macho, lakini hakuna mteja anayekula ndobo.

Chini ya ndobo, katikati, kuko msumari mnene ao kishimo ambamo kitako cha chombo kinakaa. Kinaonekana kitu kidogo. Bila hicho, chombo kinayumba, kinasukumwa upande mmoja na barafu, na meno ya juu yanaanza kulana. Na ubavuni mwa ndobo kuko tundu. Watu wengine wanaliziba wakifikiri ni kosa la fundi. Usilizibe! Lile tundu linawekwa chini kidogo ya kifuniko cha chombo, ili maji ya chumvi yakipanda yatoke pale mbele ya kufikia kifuniko. Kijiko kimoja cha yale maji kikiingia ndani, krema yote imeharibika. Wakati wa kazi, ulichokonoe mara kwa mara na kijiti, juu vipande vya barafu vinaliziba.

Halafu kikwangulio, ambacho mimi naona ndicho moyo wa mashini yote. Maziwa hayagandi katikati ya chombo. Yanaganda ukutani, pale yanapogusa chuma cha baridi. Yakiachwa, yanatengeneza ukoko mgumu wa barafu kuzunguka ukuta, na ule ukoko unazuia baridi isifike katikati. Ndiyo maana sasheti ya juisi iliyotiwa ndani ya barafu na chumvi inakuwa jiwe la kulamba, na si krema. Kikwangulio kinatoa ule ukoko ungali laini kama karatasi, kinausukuma katikati, na kuleta maziwa mengine ukutani. Chembe za barafu zinabaki ndogo sana hata ulimi hauzitambui. Tena kinaingiza hewa, na hewa ndiyo inafanya krema iwe nyepesi. Juu ya ile hewa, usijaze chombo zaidi ya theluthi mbili, krema itavimba.

Ikiwa mabawa ya kikwangulio hayagusi ukuta, hata kama nafasi ni ya unene wa shilingi, ukoko utabaki na utazungusha bure. Mbao inawekwa pale sababu inaguswa na ukuta bila kuukata. Ikichakaa, inabadilishwa.

Watu walitengeneza krema miaka mingi bila pinyo wala maniveli. Walikamata chombo chenye mfuniko wenye mshikio, wakakizungusha kwa mkono ndani ya ndobo ya barafu na chumvi, huku na kule, kisha kila baada ya dakika chache wakafungua na kukwangua ukuta kwa mwiko. Mwaka 1843, mwanamke mmoja wa Philadelphia, Marekani, Nancy Johnson, akapewa hati ya uvumbuzi kwa mashini iliyounganisha kazi zile mbili: kikwangulio chenye matundu ndani ya chombo kilichofungwa, na mkono wa kuzungushia juu. Hakuna tena kufungua na kufunga. Mwaka 1848 William Young akaongeza kuzungusha chombo chenyewe, ili maji ya chumvi ya nje nayo yakorogeke. Kampuni ya White Mountain, iliyoanza miaka ya 1870, ikajulikana kwa mizunguko mitatu: chombo kinaenda upande mmoja, kikwangulio upande mwingine, na kipigio cha katikati kinyume cha kikwangulio. Kule Uingereza, Agnes Marshall alipata hati yake mwaka 1885 kwa mashini yenye chombo kipana na kifupi, juu chombo kipana kinagusa barafu kwa sehemu kubwa zaidi ya maziwa. Yeye mwenyewe alitangaza kwamba dakika tatu zinatosha. Zile ndefu zinataka dakika 20 mpaka 30.

Pinyo za juu zina kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza mzunguko: mkono wako unazunguka wima kama mkono wa kisima, lakini chombo kinapaswa kuzunguka kilalo. Pinyo mbili zenye meno ya kuinama zinakutana kwa pembe na kugeuza ile nguvu. Ya pili ni kugawa: pinyo moja inapeleka mzunguko kwa chombo, ingine inakipeleka kikwangulio kinyume. Kwa mashini rahisi, kikwangulio kinashikwa tu na daraja kisizunguke, chombo peke yake ndicho kinazunguka. Matokeo ni karibu yaleyale.

Mafundi wetu watafikiria mara moja pinyo za shinyole, ile ya kutoboa mbao kwa mkono, sababu zina meno ya pembe tayari. Wazo ni zuri, lakini angalieni. Shinyole inaongeza mwendo: gurudumu kubwa linazungusha dogo mara tatu ao nne, na kwa kila mwendo unaoongezwa nguvu inapungua. Krema inataka nguvu, si mbio. Vilevile kwa mnyororo wa kinga: pinyo kubwa ya mbele na ndogo ya nyuma zinatoa mbio. Zigeuze, ndogo iwe upande wa mkono wako na kubwa upande wa chombo, na mtoto wa miaka kumi ataweza kumaliza ndobo.

Lakini kama franga hazitoshi, sioni sababu ya kuanza na pinyo. Fundi wa vyuma anaweza kuchomelea maniveli moja kwa moja juu ya fimbo ya kikwangulio, ukazungusha kilalo kama mutu anayekoroga bukari. Utapoteza ule mzunguko wa chombo, basi koroga barafu ya nje na kijiti kila baada ya dakika chache. Franga zilizobaki zitie kwenye chombo cha inoksi. Alminiumu inatobolewa na chumvi. Bati la zinki lisiguse krema ya matunda, hasa malimau, nanasi na maracuja, sababu asidi inayeyusha ile zinki na kuiingiza ndani ya chakula.

Sasa hesabu ya barafu, iliyo muhimu kuliko yote. Litri 2 za maziwa na sukari, zikianza kwenye digri 30, zinataka kilo moja na nusu hivi ya barafu iyeyuke kabisa ili kuwa krema. Hiyo ni hesabu ya daftari. Ndani ya ndobo halisi, na joto linaloingia pembeni, weka kilo 3 mpaka 4. Karibu nusu ya ile kazi ni kupoza maziwa tu, mbele hayajaanza kuganda. Na ukiyamimina ndani yakiwa bado ya moto kutoka jikoni, kwenye digri 90, utaunguza kilo moja na robo ya barafu juu ya zile. Kwa hiyo: chemsha, funika, weka sufuria ndani ya beseni la maji, badilisha maji, ngoja usiku mzima ikiwezekana. Maji ya beseni hayalipiwi kama barafu.

Kuchemsha si jambo la kuruka. Kipindupindu tunakijua, Kalemie na pembeni ya ziwa na mto. Kugandisha hakuui vijidudu. Kunavilaza tu, vinaamka tumboni mwa mteja. Barafu ya nje inaweza kutoka kwa maji yoyote, mradi isiguse krema. Basi mbele ya kufungua kifuniko, kipanguze vizuri kwa kitambaa safi, na maji ya barafu yasitiririke ndani. Maziwa ya unga yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa.

Wakati wa kuzungusha, anza polepole mpaka maziwa yapoe, kisha ongeza mwendo. Huhitaji kipimo cha joto. Mkono unaanza kuwa mwepesi, halafu unakuwa mzito kidogo, halafu ghafla mzito kama bukari inayoiva: hapo krema iko kwenye digri 5 hivi chini ya sifuri, simama. Ukilazimisha utavunja meno ya pinyo ao mabawa ya mbao. Toa kikwangulio, rudisha kifuniko, ziba tundu lake la juu, ongeza barafu na chumvi zaidi kuliko mwanzo, funika na magunia kwa saa moja. Usishike ile barafu yenye chumvi kwa mikono mitupu muda mrefu. Inaunguza ngozi kama moto.

Yale maji ya chumvi usiyamwage karibu na mihogo ya jirani. Yamwage ndani ya beseni pana, yaache juani siku chache, na chumvi itabaki chini kwa ndobo ya kesho. Ya kupikia, hapana.