Posishona: Chombo Kinachohakikisha Kwamba Vali Imetii



Leo twataka kueleza habari za chombo kidogo kinachoitwa posishona. Ni wachache waliokiona, ila kazi yake itafahamika upesi na kila mkulima wa mpunga. Kwa hiyo na tuanze shambani, huko Msangano, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe.

Mzee mmoja asimama juu ya tuta, aona jaruba lake lapungukiwa maji. Amwita mjukuu wake, amwambia, "Nenda kwenye mlango wa mfereji, uinue ubao hata nusu." Mtoto aitika, "Ndiyo, babu," akaenda, akauvuta ubao kwa nguvu zilezile alizozitumia jana. Lakini usiku tope limeushika ubao, nao umepanda vidole viwili tu. Mtoto arudi, asema, "Nimefungua, babu." Hakusema uongo, maana ameagizwa kuvuta, naye amevuta. Hata hivyo maji hayafiki jarubani, na mpunga waanza kunyauka. Lililokosekana ni mtu wa kusimama karibu na ubao, autazame umepanda kiasi gani, na kama haujafika nusu aongeze nguvu mpaka ufike.

Mtu huyo ndiye posishona. Sasa na tumfuate kiwandani.

Kiwanda cha sukari, kama kile cha Kilombero, hutumia mvuke mwingi. Mvuke hupikwa katika boila, na boila haina budi kupata maji kwa kiasi kilichopimwa. Maji yakizidi, huchukuliwa pamoja na mvuke na kuharibu mitambo. Yakipungua mno, mabomba ya chuma hubaki makavu juu ya moto, hupata joto la kuyalegeza, nayo yaweza kupasuka na kuwaua watu walio karibu. Basi vali ya kuingizia maji hufanya kazi iliyo sawa na ile ya mlango wa mfereji wetu, ila hapa kosa laweza kugharimu maisha.

Katika viwanda vingi vali hizi huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Juu ya vali pana chungu cha chuma, na ndani yake kiwambo cha mpira. Hewa ikiingia husukuma kiwambo, kiwambo husukuma fimbo ya vali, na springi hupingana nayo. Chombo cha kuongoza, ambacho hupima maji ya boila, hutuma amri yake kwa njia ya mrija mwembamba. Amri yenyewe ni kani ya hewa tu: pauni 3 kwa kila inchi ya mraba maana yake ni "funga kabisa", pauni 9 ni "fungua nusu", na pauni 15 ni "fungua yote".

Huenda msomaji akauliza, "Mbona hesabu haianzi sifuri?" Sababu yake ni njema. Mrija ukikatika, kani hushuka hata sifuri, na fundi aonapo sifuri kwenye geji hutambua mara moja kwamba pana hitilafu, wala haidhani kuwa ni amri ya kufunga.

Lakini amri peke yake haitoshi. Pale fimbo ipitapo hufungwa kwa nyuzi zilizokazwa ili maji yasivuje, na nyuzi hizo huishika fimbo kama tope lilivyoushika ubao. Tena maji yenyewe huisukuma vali kwa nguvu. Hivyo amri yaweza kusema "nusu", na vali ikasimama kwenye robo.

Ndipo posishona hufungwa ubavuni mwa vali. Amri huingia katika mfuko wa bati wenye mikunjo, mfano wa mivukuto ya mhunzi. Mfuko ukivimba husogeza kibati chembamba karibu na mdomo mdogo utoao hewa. Mdomo ukizibwa kidogo, hewa iliyo nyuma yake huzidi kani, nayo hufungua njia ya hewa nyingi kwenda kwenye kiwambo. Fimbo yaanza kwenda. Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo kiini cha yote: mkono wa chuma umeunganishwa na fimbo, na kadiri fimbo inavyokwenda, mkono huvuta springi inayokirudisha kibati nyuma. Fimbo isipofika mahali pake, kibati hakirudi, na hewa huzidi kuongezwa. Ikifika, nguvu mbili huwa sawa, na mwendo hukoma.

Mdomo na kibati vilibuniwa Marekani na Edgar Bristol mwaka 1914. Lakini vikiwa peke yake vilikuwa vikali mno: kibati kikisogea kidogo tu, hewa yote hupita au yote huzuiwa. Karibu na mwaka 1930 mwenzake wa kampuni ya Foxboro, Clesson Mason, alitafuta njia ya kurudisha habari ya kazi iliyokwisha tendeka ili kuutuliza ukali huo. Posishona hufuata kanuni hiyohiyo.

Na tueleze sasa namna ya kuirekebisha. Kwanza, fundi huwaarifu waangalizi wa boila, nao hupitisha maji katika njia ya pembeni inayofunguliwa kwa mkono. Pasipo hivyo asiiguse. Wala asiweke vidole karibu na fimbo, kwani springi yaweza kuitupa ghafula.

Pili, atazame geji ya hewa inayoingia, kama ina kani iliyoandikwa kwenye kibao cha chombo. Kwa vali ya pauni 3 hadi 15, mara nyingi huwa kama pauni 20.

Tatu, atoe amri ya pauni 9. Fimbo ikiwa katikati ya mwendo wake, mkono wa chuma yafaa ulale sawa, uifanyie fimbo pembe ya mraba. Mkono uliofungwa upande huleta vipimo vya upotovu, hata skrubu zizungushwe namna gani.

Nne, ashushe amri hadi pauni 3, na kwa skrubu ya mwanzo apatanishe vali iwe imefungwa kabisa. Kisha aongeze amri kidogo sana. Fimbo na ianze kuondoka papo hapo.

Tano, apandishe hadi pauni 15, na kwa skrubu ya urefu wa mwendo aifanye vali ifunguke yote. Skrubu hizi mbili ni kama ndugu: ukimgusa mmoja, mwenziwe huamka. Kwa hiyo arudi kwenye 3, kisha 15, mara tatu au nne, mpaka zote mbili zitulie.

Mwisho, ajaribu pauni 3, 6, 9, 12 na 15, akipanda na akishuka. Vali na iwe imefungwa, robo, nusu, robo tatu, na wazi. Ikiwa kwa kupanda yafika pengine na kwa kushuka pengine, kuna kinachoishika fimbo, au viungo vya mkono vimelegea. Hapo dawa si skrubu. Na aandike kila kipimo daftarini, ili atakayekuja baadaye ajue.

Adui mkubwa wa chombo hiki ni hewa chafu. Vitundu vyake ni vyembamba mno, na tone la maji, mafuta au vumbi huviziba. Kitundu cha kuingizia kikiziba, hewa ya kiwambo hupungua, na springi huirudisha vali. Mdomo ukiziba, hewa huzidi, na vali huenda mpaka mwisho ijapokuwa haikuamriwa. Kwa hiyo kila siku maji yamwagwe katika kichujio. Sauti ndogo ya hewa ikipumua mdomoni ni ya kawaida. Asiyejua akiziba kwa kidole ili kuinyamazisha, ataiona vali ikiruka.

Vijana wa Msangano watakaopata kazi ya ufundi viwandani watakutana na chombo hiki, nao watakuwa na mwanzo mwema kuliko wanavyodhani. Wakikumbuka ule mlango wa mfereji, hawatatosheka na kuisoma geji ya amri; watakwenda kuitazama fimbo yenyewe.