Karani Mkimya wa Astoria

Msomaji mpenzi, pengine nawe wamjua mtu wa namna hii. Huja kazini mapema, hukaa mahali pake, hufanya kazi yake bila kosa, na jioni huondoka pasipo mtu kujua amekwenda saa ngapi. Ukimwamkia hukujibu, "Sijambo," basi. Wenzake husema, "Yule ana maringo." Mimi nami nimepata kusema hivyo, na juma hili nataka nikueleze habari za sinema moja iliyonifanya nijute.

Jina lake kwa Kiingereza ni Sometimes I Think About Dying, yaani, Wakati Mwingine Nawaza Habari za Kufa. Usilitupe gazeti kwa sababu ya jina hilo. Sinema hii ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 2023 katika tamasha la Sundance, huko Marekani, na mwaka uliofuata ikaingia katika majumba ya sinema ya nchi hiyo. Aliyeiongoza ni mwanamke, Rachel Lambert. Anayecheza nafasi ya Fran, karani wetu, ni Daisy Ridley, yule Mwingereza aliyepata sifa duniani kwa sinema za Star Wars, zenye vita vya nyotani na panga za mwanga. Hapa hana upanga. Ana meza na kompyuta tu, na kwa muda mrefu tangu mwanzo hasemi karibu neno lolote.

Mambo yatendeka katika Astoria, mji mdogo wa jimbo la Oregon, pale mto Columbia unapoingia katika bahari ya Pasifiki. Ni mahali pa mvua na ukungu, na meli kubwa hupita polepole mbele ya nyumba za watu. Fran ni karani katika ofisi ya bandari. Hujaza majedwali kutwa, hurudi nyumbani, hula peke yake, hulala. Ofisini wenzake wanazungumza juu ya vikombe na keki, naye husikiliza kwa mbali. (Mimi niliye karani naweza kushuhudia kwamba mazungumzo ya ofisini yameigizwa sawasawa kabisa!)

Mara macho yake hutoka dirishani, nasi twaonyeshwa anachokiona moyoni mwake: amelala maiti msituni juu ya majani mabichi, au ufukoni kati ya magogo yaliyoletwa na maji. Hakuna kelele wala kilio. Ni kama mtu aliyechoka awazavyo habari za usingizi, na hilo ndilo linalotisha. Waganga wa siku hizi huiita huzuni nzito ya namna hii sonona, nao hutuambia kuwa ni ugonjwa wala si uvivu. Hata ile hofu ya kukaa na watu, ikizidi, ina matibabu yake. Sinema yenyewe haitaji ugonjwa wo wote. Nataja mimi, kwa kuwa huenda wewe usomaye unayo mawazo kama hayo ya Fran. Ikiwa ni hivyo, ndugu yangu, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja zaidi. Mwambie mtu wako, kisha nendeni pamoja hospitali.

Basi, mwenzao mmoja, Carol, astaafu kazi, na mahali pake aletwa Robert, mtu mcheshi apendaye sinema. Robert amwuliza Fran maswali madogo madogo. Wakaenda kutazama sinema pamoja, wakala pamoja. Siku moja wakaalikwa nyumbani kwa watu, ukachezwa mchezo wa kubuni mauaji. Ilipofika zamu ya Fran kueleza jinsi alivyouawa, alieleza vizuri mno hata wote wakashangilia. Mara ya kwanza twamwona akifurahi kati ya watu, na furaha yenyewe imetoka katika lile analolificha!

Lakini Robert alipotaka kujua zaidi, ni mtu gani, apenda nini, Fran alimjibu kwa neno kali juu ya ndoa zake mbili zilizovunjika. Naipenda sinema hii kwa kutomfanya Fran malaika. Mkimya naye huweza kuumiza, tena huumiza sana, kwa maana amekuwa akikutazama muda mrefu naye ajua penye kidonda.

Baada ya siku chache za kujifungia chumbani, Fran atoka kwenda kununua donati za kuwapelekea wenzake. Huko dukani amkuta Carol. Wote walidhani Carol yu safarini melini na mumewe, kama walivyokuwa wamepanga kwa hamu. Kumbe mume amepatwa na kiharusi, yu hospitalini, naye Carol aja kunywa kahawa yake peke yake akitazama maji. Siku ya kumwaga ilikuwa keki na vicheko na kadi yenye majina ya wote. Sasa habari yenyewe aisikia mtu mmoja tu, naye ni yule tuliyedhani hajui kuzungumza. Fran hatoi shauri lo lote. Aketi asikilize. Kwangu mimi sinema nzima imo katika meza hiyo.

Kisha aenda ofisini na donati zake, amwomba Robert msamaha, na kumwambia lile ambalo hajapata kumwambia mtu. Robert amkumbatia. Hatuambiwi kwamba amepona.

Chuoni nilikosomea ualimu tulikuwa na mwenzetu mmoja tuliyemwita Bwana Kimya. Alilala kitanda cha tatu kutoka changu. Muhula wa pili hakurudi, nasi tukasema, "Maringo yamemrudisha kwao." Juzi, nilipokwisha kuitazama sinema hii, nilimwandikia rafiki yangu wa siku zile nimwulize kijana yule yuko wapi. Akanijibu kwamba hajui. Tukawauliza wengine watatu wa bweni letu. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kijiji alichotoka.