Vuli si Majira ya Kupukutika kwa Majani

Katika madarasa yetu mengi kuna orodha moja ambayo wanafunzi huikariri bila kuihoji. Mwaka wa Ulaya na Marekani, huambiwa, una majira manne: masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Orodha hiyo imo katika mazoezi ya msamiati, imo katika tafsiri za habari za kimataifa, na siku hizi imo hata katika mashine za kutafsiri zinazobebwa ndani ya simu. Ni orodha nyepesi, tena yapendeza kutamkwa. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kubwa: inasema uongo kuhusu kwetu na kuhusu kwao.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Masika ni wakati wa mvua kubwa, kuanzia Machi hadi Mei. Kipupwe ni wakati wa baridi ya Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapovuma. Vuli ni wakati wa mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Kiangazi ni wakati wa jua kali na ukavu, mkulima anapoitazama mbingu kwa hamu. Maneno haya yalizaliwa katika vinywa vya wakulima na mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki, watu ambao chakula chao na usalama wa vyombo vyao ulitegemea kujua mvua itanyesha lini na upepo utageuka lini. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililoundwa kwa ajili ya nchi ya theluji.

Msomaji huenda akauliza, pana dhara gani? Nami nitamjibu kwa mfano wa matembezi ya siku moja.

Katikati ya mwezi wa Oktoba mwaka 2018, baada ya kongamano la wanaisimu lililonipeleka Marekani, mimi na mke wangu tulipata nafasi ya kupanda milima iitwayo White Mountains katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Mke wangu ni mwalimu wa Jiografia, na si mtu wa kukubali neno kwa sababu tu limepigwa chapa. Tulichagua njia ya miguu inayoanzia katika bonde la Franconia Notch, ikafuata kijito chenye maporomoko kadhaa ya maji, kisha ikapanda hadi kwenye ukingo mrefu wa mlima usio na miti.

Asikudanganye mtu kwamba njia za huko zimesawazishwa kama vijia vya bustani. Ile tuliyoipita ilikuwa ya mawe na mizizi tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali pengine ilitubidi kuvuka kijito kwa kukanyaga jiwe moja baada ya jingine. Mahali pengine jabali lilikuwa limeinuka mbele yetu nasi tukaliparamia kwa mikono na magoti. Juu ya hayo yote yalikuwa yametandazwa majani: mekundu, manjano, rangi ya chungwa, rangi ya kahawia. Yalikuwa yameifunika njia kiasi kwamba, lau si alama za rangi zilizopakwa kwenye mashina ya miti, tusingalijua njia iko wapi na msitu uko wapi. Majani makavu yalificha mashimo. Majani yaliyolowa yaliteleza kama sabuni. Tulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele akimwonya wa nyuma: hapa pana mzizi, hapa pana utelezi, shika tawi hili. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na siku hiyo tuliutii usemi huo neno kwa neno.

Tulipopumzika kando ya maporomoko, mke wangu aliangalia juu. Mbingu ilikuwa ya buluu tupu.

"Baba watoto," akasema, "ninyi watu wa lugha mnatufundisha kwamba hii ni vuli. Vuli gani hii isiyo na tone la mvua?"

Nilimwambia kwamba si watu wote wa lugha wanaofundisha hivyo. Naye, kwa subira ya mwalimu aliyezoea wanafunzi wazito, akanieleza kinachotukia katika miti ile. Mchana unapozidi kuwa mfupi na usiku kuwa wa baridi, mti huacha kutengeneza klorofili, yaani ile chembechembe ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Virutubisho vilivyomo katika jani hurudishwa matawini na shinani vikawekwe akiba. Kijani kinapotoweka, rangi ya manjano, ambayo ilikuwamo ndani ya jani siku zote ila ilikuwa imefunikwa, hujitokeza. Nyekundu nayo ni habari nyingine: hiyo hutengenezwa upya, kutokana na sukari iliyobaki katika jani. Ndiyo inayoupamba mti wa mepo, ule ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada. Hatimaye tabaka jembamba la seli huziba pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, na jani huanguka.

Kwa hiyo kinachoyatambulisha majira yale ni ufupi wa mchana, ujio wa baridi, na kupukutika kwa majani. Mvua si alama yake. Inaweza kunyesha au isinyeshe, kama inavyoweza katika miezi mingine yote ya huko. Mtu aliyeandaliwa na neno 'vuli' angalibeba mwavuli. Mtu aliyeandaliwa na maelezo ya kweli hubeba koti zito, kofia ya sufu, na taa.

Naitaja taa kwa makusudi. Katika Kenya yetu, jua huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima, ndiyo sababu Kiswahili kiliweza kuihesabu saa kwa kuanzia macheo. Saa moja ni saa moja baada ya jua kutoka. Saa kumi na mbili ya jioni jua linazama. Hesabu hiyo ni ya watu wa ikweta, nayo yatufaa barabara. Huko New Hampshire, mchana wa Juni huzidi saa 15, na ule wa Desemba haufikii saa 9. Mwezi wa Juni, saa mbili ya usiku kwa hesabu yetu, jua la huko lingali mbinguni. Mwezi wa Desemba, saa kumi na moja ya jioni, ni giza. Katika mwezi wa Oktoba mchana hupungua kwa takriban dakika tatu kila siku. Tena ndani ya bonde lile mlima wa upande wa magharibi huliziba jua kabla ya wakati wake.

Kwa sababu hiyo tulikuwa tumekubaliana tangu chini kwamba ikifika saa saba ya mchana tungegeuka, tuwe tumefika tulikokwenda au hatujafika. Tulitokeza juu ya miti muda mfupi kabla ya saa hiyo. Upepo ulikuwa mkali hata ikatulazimu kusemezana kwa kupaza sauti, na barafu nyembamba ilikuwa imeganda katika nyufa za mawe. Mbele yetu, kwenye ukingo ule ule, kilionekana kilele cha mlima Lafayette, chenye urefu wa mita 1,600 hivi. Njia inayokipitia ni sehemu ya ile njia mashuhuri ya Appalachian, yenye urefu wa kilomita zipatazo 3,500, ambayo Benton MacKaye aliipendekeza mwaka 1921 na ambayo ilikamilika mwaka 1937. Ilitutamanisha. Tulikitazama kilele, tukala mkate wetu nyuma ya jabali lililokinga upepo, tukageuka. Kuteremka kulitushinda kupanda kwa ugumu, maana magoti ya watu wa makamo hayapendi ngazi za mawe. Tulipofika barabarani, mwanga uliosalia ulikuwa wa kuhesabu dakika. Waokoaji wa milima ile huitwa mara kwa mara kuwatafuta watembezi waliokutwa na giza wakiwa hawana taa. Anayeyaelewa majira vibaya hukosa zaidi ya alama za mtihani.

Sasa nirudi kwenye hoja ya lugha. Wapo watakaosema kwamba maneno hupanuka maana. 'Ndege' alikuwa kiumbe mwenye mbawa na manyoya, leo pia ni chombo kinachobeba abiria, mbona hatulalamiki? Pingamizi hii ina uzito na yastahili kujibiwa. Ni kweli, upanuzi wa maana ni njia halali ya kukuza msamiati. Lakini upanuzi hufaulu pale muktadha unapozitenga maana mbili. Hakuna anayedhani kwamba abiria wa kwenda Kisumu amepanda mgongoni mwa kunguru. Kwa 'vuli' mambo ni tofauti. Maana zote mbili zahusu hali ya hewa, na zote mbili zaangukia miezi ile ile ya Oktoba na Novemba. Muktadha hauna msaada wowote wa kutoa.

Na pana jambo jingine linaloivunja kabisa orodha ile. Katika nchi zilizo kusini mwa dunia majira hupinduka. Majani hupukutika Cape Town kati ya Machi na Mei, yaani wakati mkulima wa Kenya yumo ndani ya masika. Je, tutasema kwamba vuli ya Afrika Kusini huja wakati wa masika? Na Krismasi ya Ulaya, je, tutamwambia mtoto wa Mombasa kwamba huadhimishwa wakati wa kipupwe, ilhali yeye siku hiyo anatokwa jasho la kaskazi? Mtoto mwenye akili ataona kwamba maneno hayana maana thabiti. Hilo ndilo dhara ninalolihofia kuliko yote: kumzoeza mwanafunzi kutumia maneno ya lugha yake bila kuyaunganisha na kitu anachokiona.

Wenyeji wa Marekani wanaozungumza Kiingereza hawakufanya hivyo walipoyapa majira yao jina. Katika mazungumzo ya kila siku huyaita kwa neno lenye maana ya kuanguka, kwa sababu majani huanguka. Zamani Waingereza waliyaita kwa neno la mavuno, na Wajerumani hadi leo hutumia jina la ukoo huo huo. Kwetu nako, Wagikuyu walizitaja mvua zao mbili kwa mimea inayohusiana nazo: mvua ya njahi na mvua ya mwere. Kila jamii ilitazama shamba lake na miti yake, ikasema ilichokiona.

Sisi tuna kitenzi kizuri sana cha jambo hili. Kupukutika si neno la kuazima. Mbuyu hupukutika majani wakati wa kiangazi kwa kukosa maji, na mtoto wa Kilifi au Kitui ameuona ukisimama mtupu. Kutokana na 'badilika' tumepata 'mabadiliko'. Kwa kanuni hiyo hiyo 'pukutika' hutupa 'mapukutiko', na 'chipuka' hutupa 'machipuko'. Basi tuna majira ya machipuko, majira ya joto, majira ya mapukutiko na majira ya baridi. Majina hayo tayari yanatumiwa na baadhi ya waandishi na watafsiri, na kila mojawapo hujieleza lenyewe. Hayamwibii mkulima wa Kenya vuli yake, wala hayampi Mmarekani mvua asiyokuwa nayo.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo. Mwezi wa Oktoba ujao, kabla ya kuiandika orodha ubaoni, watoeni wanafunzi nje. Walio Nairobi wanaweza kwenda Karura, msitu ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usigawiwe wajenzi. Walio magharibi wana Kakamega, na walio pwani wana Arabuko-Sokoke. Asiye na msitu karibu atapata mti mmoja uani mwa shule. Wanafunzi waandike wanachokiona: ni mti gani unaochipua, upi unaopukutika, maua ya mjakaranda yameanguka kiasi gani, wingu limetoka upande upi, jua limezama saa ngapi. Waulize nyumbani babu na nyanya wanauitaje wakati huo kwa lugha zao. Wakirudi darasani watakuwa na vuli ya kweli mikononi mwao, yenye tope na harufu ya udongo.

Hapo ndipo mwalimu awaambie kwamba katika miezi hiyo hiyo, katika misitu ya mbali, majani yanageuka mekundu na kuanguka, na mchana unafupika kila siku. Kisha awaulize: je, majira hayo nayo tuyaite vuli? Nina hakika wanafunzi watalijibu swali hilo vizuri kuliko kitabu.