Ulianguka Mara ya Kwanza Ukiwa na Miaka Mingapi?

Mtu akianguka sokoni Wote, katika Kaunti ya Makueni, akakaza viungo na kuanza kutetemeka, waliomzunguka humpa ugonjwa jina kabla hajainuka: kifafa. Jina hilo humfuata hadi zahanati, likaandikwa kwenye kitabu chake cha kliniki, na akarudi nyumbani na vidonge vya fenobarbitali. Wengi wa wanaoandikiwa hivyo wana kifafa kweli, na vidonge hivyo huwapa maisha. Lakini wako ambao huanguka na kutetemeka vivyo hivyo, na bado ukiupima umeme wa ubongo wao wakati huohuo, hukuti dalili ya kifafa. Wataalamu wa ubongo wanaiita hali hii mishtuko ya kisaikolojia isiyo kifafa. Dawa ya kifafa haiitibu.

Kosa kubwa tunalowatendea wagonjwa hawa ni kudhani kwamba, kama si kifafa, basi wanajifanya. Hawajifanyi. Hofu huufanya moyo wa mtu uende mbio bila yeye kuuamuru, na wako wanaozirai kwa kuona damu tu. Mwili una njia zake za kuijibu hisia, nazo haziombi ruhusa. Katika mishtuko hii, ubongo uliolemewa na woga, kumbukumbu au shinikizo huonekana kukatiza kwa muda mawasiliano kati ya fahamu na viungo. Mgonjwa hauchagui mshtuko, na mara nyingi hawezi kuuzuia peke yake.

Kinachouleta ni swali gumu zaidi, na hapa umri hutusaidia kuliko tunavyodhani. Mwaka ambao mtu alianguka kwa mara ya kwanza hutuelekeza pa kutafuta chanzo.

Mtoto, kijana, mtu mzima, mzee

Tuanze na mtoto wa gredi ya nne. Kabla ya kubalehe, wavulana na wasichana hupatwa kwa viwango vinavyokaribiana. Mtoto wa umri huu huenda asitetemeke sana. Anaweza kuganda tu, macho yakikodoa au kufumba, asiitike anapoitwa. Chanzo nacho hakiko mbali: masomo yaliyomshinda bila mtu kugundua, mwenzake anayemwonea njiani, ugomvi wa wazazi usiku, au ndugu mgonjwa aliyechukua macho yote ya nyumba. Mara nyingine mtoto huyohuyo ana kifafa pia, na mishtuko ya aina mbili huishi katika mwili mmoja.

Baada ya kubalehe mambo hubadilika. Wasichana huwa wengi kuliko wavulana, na mshtuko huwa wa viungo zaidi, wa kurusha mikono na miguu. Ali Asadi-Pooya na wenzake wa Shiraz, Iran, waliwalinganisha wagonjwa walioanza wakiwa wadogo na walioanza ukubwani. Kwa walioanza mapema walikuta zaidi historia ya kufeli masomo na ya kifafa chenyewe. Kwa walioanza ukubwani, maradhi mengine ya mwili ndiyo yaliyojitokeza zaidi.

Wagonjwa wengi zaidi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya thelathini, na takriban robo tatu yao ni wanawake. Kwao, daktari mwenye subira mara nyingi hukuta jeraha la zamani: kipigo, kunajisiwa, kifo kilichoshuhudiwa, ndoa yenye vitisho. Si kila mgonjwa ana historia hiyo, na ni vibaya kumlazimisha mtu aseme asichokuwa nacho. Ila asiyeulizwa kwa upole na faraghani hatasema hata kama anacho.

Kisha kuna kundi linalosahaulika kabisa, wanaoanza baada ya miaka 55. Mwaka 2006 Rod Duncan na wenzake wa Glasgow, Scotland, walichapisha utafiti juu yao. Wanaume walikuwa wengi zaidi kuliko katika kundi la walioanza mapema, na historia ya kunajisiwa ilikuwa ndogo. Kilichojirudia ni ugonjwa mzito wa mwili na hofu iliyokuja nao. Mzee aliyeponea chupuchupu mshtuko wa moyo anaweza kuanza kuanguka miezi michache baadaye, ilhali moyo wenyewe umeshatulia. Mwili umepona, lakini woga bado haujapona.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili

Hakuna jambo geni katika haya. Kusini mwa Makueni, ng'ambo ya Tsavo, mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi na Wataita na mwaka 1957 akachapisha makala kuhusu hali waliyoiita saka. Iliwapata hasa wanawake walioolewa. Alieleza jinsi mabega yalivyotetemeka kwa kasi huku kichwa kikienda upande huu na upande ule, na jinsi macho yalivyoweza kufumba na uso kubaki bila hisia. Wataita walikuwa na maelezo yao na ngoma yao ya kuituliza, na si haki kuwapima watu wa miaka ile kwa mizani ya hospitali ya leo. Lakini kichwa kinachokwenda pande mbili na macho yaliyofumba ni miongoni mwa dalili ambazo daktari wa leo huzitafuta.

Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba katika Tanzania ya leo, kicheko kisichozuilika kiliwakamata wasichana 95 kati ya 159 wa shule moja ya bweni, wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Shule ikafungwa. Walimu wao hawakupatwa. Kile hakikuwa kifafa wala mshtuko tunaouzungumzia hapa, ila kinatuonyesha jambo lilelile: mzigo wa moyoni hutokea mwilini kwa sura inayofuata umri na hali ya anayeubeba. Saka iliwapata walioolewa, kicheko kikawapata wanafunzi.

Kutofautisha

Kipimo cha uhakika ni EEG yenye video, inayorekodi umeme wa ubongo na mwili wa mgonjwa kwa pamoja wakati wa mshtuko. Mashine hizo ni chache Kenya, na kwa mtu wa Wote maana yake huwa ni nauli ya kwenda Nairobi. Hata penye mashine, mambo hukawia. Markus Reuber na wenzake waligundua mjini Bonn, Ujerumani, mwaka 2002, kwamba wagonjwa walikaa wastani wa zaidi ya miaka saba kabla ya kuambiwa ugonjwa wao halisi. Miaka saba ya vidonge visivyohitajika ni mingi, na wengine hudungwa dawa ya kutuliza kupita kiasi hadi pumzi ikawa taabu.

Hata hivyo, kipo kifaa ambacho karibu kila nyumba inacho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ukiongozwa na William Tatum wa Mayo Clinic, Marekani, wataalamu waliotazama video za simu walipatia karibu mara tisa kati ya kumi. Anayerekodi ahakikishe kwanza mgonjwa yuko salama, amelala ubavu, mbali na moto na maji. Kisha aonyeshe uso na mwili wote, na asizime mpaka mwisho. Katika kifafa macho kwa kawaida huwa wazi, mtetemeko hufuata mdundo mmoja, na mshtuko mkubwa huisha ndani ya dakika mbili hivi. Katika mishtuko isiyo kifafa macho mara nyingi hufumba, mtetemeko hupanda na kushuka, na unaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Asiache mtu dawa zake kwa kusoma makala, na mshtuko unaopita dakika tano ni wa kukimbizwa hospitali.

Kwa nini umri uandikwe

Umri una maana nyingine tena: tumaini. Mwaka 1991 Elaine Wyllie na wenzake wa Cleveland Clinic walifuatilia kikundi kidogo cha watoto na vijana pamoja na watu wazima. Baada ya mwaka mmoja, karibu robo tatu ya watoto na vijana walikuwa wameacha kuanguka. Kwa watu wazima ilikuwa takriban robo moja. Anayetambuliwa mapema, kabla jina la kifafa halijamganda, ana nafasi nzuri ya kupona.

Tiba huanza kwa maelezo: kumwambia mgonjwa na jamaa zake kwamba mshtuko ni wa kweli, una jina na unatibika. Hufuata mazungumzo ya ushauri yanayomfundisha kuzitambua dalili za mwanzo na kukishughulikia chanzo. Kwa mtoto, mwalimu na mzazi ni sehemu ya tiba hiyo.

Makueni ina pa kuanzia. Profesa David Ndetei, Victoria Mutiso, Christine Musyimi na wenzao wa Africa Mental Health Research and Training Foundation walifanya kazi katika kaunti hii kuwakutanisha wauguzi na matabibu na waganga wa kienyeji na wahubiri wanaoombea wagonjwa, wakitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Walielewa kwamba familia nyingi hubisha hodi kwa mganga au mchungaji kwanza. Huyo naye anaweza kufunzwa kuuliza.

Na swali ni fupi: "Mama, ulianguka mara ya kwanza ukiwa na miaka mingapi, na mwaka huo nyumbani kulikuwaje?" Halihitaji mashine wala nauli ya Nairobi. Linahitaji mstari mmoja kwenye kitabu cha kliniki na mtu aliye tayari kusikiliza jibu. Ningependa kila zahanati ya kaunti hii iwe na mstari huo, na kila muuguzi apewe dakika za kuujaza, kwa sababu mtoto anayeulizwa leo anaweza kupona kabla hajamaliza shule.