Geto la futi kumi kwa kumi: pamba, lakini usizibe hewa

Ukipita Ngarenaro, Sakina, Kijenge au kule Tengeru wanakopanga wanafunzi, chumba cha kijana anayeanza maisha hakitofautiani sana: futi kumi kwa kumi, dirisha moja, sakafu ya sementi, balbu moja katikati. Chalii akishalipa kodi, kinachofuata ni kulipendezesha geto. Ananunua stika za ukutani, pazia zito, taa za rangi, zulia. Hakuna ubaya hapo. Ila chumba kidogo kina fizikia yake, na kwenye baridi la Arusha la Juni hadi Agosti, fizikia hiyo inaweza kukupa usingizi mtamu au kukuua. Twende hatua kwa hatua.

Anza na hesabu moja

Futi kumi ni karibu mita 3. Kama dari liko mita 2.5 kutoka sakafuni, chumba chako kina hewa ya 3 × 3 × 2.5, yaani mita za ujazo 22.5. Ishike namba hiyo. Tutaitumia mara mbili.

Rangi, kioo na jua

Mwanga ukiingia dirishani unagonga ukuta, unarudi, unagonga ukuta mwingine. Kila ukigonga, sehemu yake inamezwa. Rangi nyeupe au krimu hurudisha takriban asilimia 80. Kwa hiyo ukianza na 100, baada ya kugonga mara moja unabaki na 80, mara ya pili 64, mara ya tatu 51. Bluu iliyokolea au nyeusi hurudisha kama asilimia 10 tu: 100 inakuwa 10, kisha 1, kisha giza. Ndiyo maana geto jeusi linaonekana kali kwenye picha iliyopigwa kwa taa nyingi, halafu mchana unahitaji kuwasha umeme ili uone kitabu.

Unapenda rangi nzito? Paka ukuta mmoja tu, ule wenye dirisha. Ukuta huo haupokei mwanga moja kwa moja kutoka dirishani, kwa hiyo unapoteza kidogo kuliko ukipaka kuta nyingine.

Kioo nacho si cha kunyolea tu. Kitundike mkabala na dirisha. Kioo huonyesha kitu kikiwa nyuma yake kwa umbali uleule kilio mbele yake. Dirisha lililo mita 3 mbele litaonekana liko mita 3 nyuma ya kioo, na jicho lako litahisi kwamba chumba kinaendelea.

Kuhusu jua: Arusha iko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, yaani upande ule ule uliko Mlima Meru ukiwa mjini. Kwa hiyo, mawingu yakifunguka msimu wa baridi, dirisha linaloutazama mlima ndilo lenye nafasi kubwa ya kupata jua. Usiliwekee kabati.

Na zile taa za bluu? Mwanga wenye bluu nyingi huuambia ubongo kwamba bado ni mchana, ukachelewa kutoa melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala. Kwa usiku chagua balbu ya mwanga wa manjano. Boksi lake huandikwa kelvini 2,700 au 3,000. Balbu ya 6,500 ni nzuri ya kusomea, si ya kulalia.

Unyevu unaojificha nyuma ya stika

Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya kusini ya Meru, upande unaopata mvua na mawingu zaidi kuliko ule wa kaskazini. Usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Hewa ya nyuzi 12 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 11 hivi za mvuke wa maji kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa 22.5: geto lako lote, likipoa hivyo, linabeba mvuke usiofika robo lita.

Sasa, mtu mmoja aliyelala hutoa kama robo lita ya maji kwa usiku, kupitia pumzi na ngozi. Yaani wewe peke yako unaweza kukijaza chumba, bado hujachemsha maharage wala kuanika soksi ndani. Maji yanayozidi lazima yatue mahali, na hutua penye baridi kuliko pengine: kwenye kioo cha dirisha, ukuta wa nje, nyuma ya kabati.

Hapo ndipo stika nene za sponji zinapoleta shida. Zinazuia joto la chumba lisiufikie ukuta, ukuta unabaki wa baridi zaidi, mvuke unapenya kwenye maungio, na maji yakishatua hayakauki. Baada ya miezi kadhaa unabandua na kukuta ukungu mweusi, fangasi ambao kwa mtu mwenye pumu ni balaa. Kama ukuta una dalili za unyevu, usiubandike kitu. Uache ukauke, upake rangi ya maji, kisha tundika kitenge au shuka ya Kimasai. Kitambaa ukikishuku unakitoa, unakifua, unakianika. Kitanda na kabati viache inchi mbili tatu kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite.

Matundu ya hewa si mapambo

Hapa sasa ndugu yangu tusikilizane. Baridi likikaza, kitu cha kwanza kuzibwa ni yale matundu juu ya dirisha: yanajazwa matambara, nailoni, au yanafunikwa na stika. Kisha jiko la mkaa lililopikia linaingizwa ndani lipashe chumba. Utasikia mtu anasema, "Mkaa umeshakuwa mwekundu, hauna moshi, hauna shida."

Una shida. Moshi ni chembechembe unazoweza kuziona. Mkaa mwekundu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hujishika na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka kama kawaida, lakini oksijeni inayobeba ni kidogo. Kumbuka pia kwamba kwa mwinuko wetu, kila pumzi tayari ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam.

Rudi kwenye namba yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri gesi hii isizidi wastani wa miligramu 10 kwa mita ya ujazo kwa saa 8, muda wa usingizi wa usiku mmoja. Zidisha kwa 22.5 unapata miligramu 225. Hiyo haifiki hata robo gramu kwa geto zima! Jiko moja la mkaa hutoa gesi hii kwa gramu nyingi. Kama matundu yamezibwa, haina pa kwenda.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ni rahisi kudhani ni uchovu au malaria, na aliyelala hazisikii kabisa. Kichwa kikianza kukuuma chumbani penye jiko, tokeni nje wote mara moja, na anayezidiwa apelekwe hospitali hata kama anasema anaendelea vizuri.

Je, tulale na baridi? Hapana. Tandika mkeka au zulia. Halijoto yake ni sawa na ya sementi, ila sementi hunyonya joto la mguu haraka zaidi. Weka blanketi moja chini ya shuka la kulalia, si juu tu. Jaza chupa maji ya moto, uifunge vizuri, uiweke miguuni. Pazia zito ni sawa usiku, mradi liishie chini ya matundu.

Ukiwa na bajeti ndogo, fuata mpangilio huu: zibua matundu, ambayo ni bure, kausha na upake kuta rangi ya kung'aa, nunua kioo, kisha balbu ya manjano, kisha mkeka. Stika na taa za rangi zije mwisho, hela ikibaki. Na jiko la mkaa lilale nje, hata Julai, hata kama limebaki majivu yenye moto kidogo.