Vitambuzi vya hitilafu za umeme vyaweza kupunguza saa za giza Sori

Na MWANDISHI WETU

RADI inapopiga usiku kandokando ya Ziwa Victoria na mji wa Sori kutumbukia gizani, kazi ya kwanza ya mafundi wa umeme huwa si kutengeneza. Huwa ni kutafuta.

Mafundi hulazimika kuufuata waya nguzo baada ya nguzo, tochi mkononi, hadi wapate mahali ulipokatika, mti ulioulalia au kikombe cha kaure kilichopasuka. Mara nyingi kutengeneza huchukua muda mfupi kuliko kutafuta.

Muda huo una gharama. Sori, iliyoko Karungu katika Kaunti ya Migori, ni mji wa wavuvi na wafanyabiashara. Samaki aliyevuliwa usiku huhitaji barafu kabla ya kusafirishwa. Vinu vya nafaka, pampu za maji, vinyozi na wachomeleaji vyuma wote hutegemea waya huo mmoja. Mji huu pia una hospitali ya misheni ya St Camillus, na umeme unapopotea hospitali yoyote hulazimika kununua mafuta ya kuendeshea jenereta.

Ndiyo sababu wataalamu wa umeme kote duniani wamegeukia vitambuzi, yaani vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye nyaya, nguzo au vituo vya umeme ili kuhisi mabadiliko na kuonyesha mahali penye kasoro. Teknolojia hii si ngeni, lakini bei ya vifaa na kuenea kwa mitandao ya simu kumeifanya ifae hata katika maeneo ya mashambani.

UMEME SI MGENI NYATIKE

Eneo la Nyatike liliujua umeme mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Katika miaka ya 1950 kituo kidogo cha kuzalisha umeme kwa nguvu za maji kilijengwa kwenye maporomoko ya Gogo, katika Mto Kuja. Umeme huo ulikusudiwa kuendesha mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder, wala si kuwasha taa za wanakijiji.

Mgodi ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini Gogo ingali ipo. Uwezo wake ni megawati 2 pekee, na sasa iko chini ya kampuni ya KenGen.

Umeme ulifika katika boma za kawaida baadaye sana. Halmashauri ya kusambaza umeme mashambani iliundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2006, na mradi wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma ukazinduliwa mwaka 2015. Nyaya zikaongezeka, matawi yakazidi kuchipuka, na kila kilomita mpya ikawa kilomita nyingine ya kukaguliwa panapotokea kasoro.

KINACHOHARIBIKA

Umeme unaofika sehemu kama Sori hupitia katika nyaya za kilovolti 33 au 11, kisha transfoma huupunguza hadi volti 240 zinazotumiwa nyumbani. Nyaya hizo hazina ngozi ya plastiki. Kinga yake ni hewa inayozizunguka pamoja na vikombe vya kaure au kioo vinavyozishikilia juu ya nguzo.

Radi ni adui mkubwa. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na nyanda za juu za Kisii, zilizo jirani na Migori, zinajulikana sana kwa janga hilo. Umeme wa radi unaposhuka kwenye waya waweza kupasua kikombe au kuunguza transfoma.

Halafu kuna mafuriko. Mto Kuja unapovunja kingo zake katika sehemu za chini za Nyatike, udongo hulowa na nguzo huinama. Matawi ya mikaratusi, ndege wakubwa na nyani nao huchangia.

Wakenya hawajasahau tukio la Juni 7, 2016, ambapo tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na kusababisha nchi nzima kukosa umeme kwa saa kadhaa. Januari 11, 2022, umeme ulipotea tena katika sehemu kubwa ya nchi baada ya milingoti ya njia ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka. Tukio moja lilianzia kwenye kifaa kimoja, jingine kwenye milingoti michache, lakini madhara yalisambaa mbali.

JINSI VINAVYOFANYA KAZI

Kitambuzi cha kawaida zaidi hufungwa kwenye waya wenyewe. Umeme unapopita huzungukwa na nguvu za sumaku, na kifaa hicho hupima nguvu hizo bila kuukata waya.

Nyaya mbili zikigusana, au waya ukigusa ardhi, mkondo wa umeme hupanda ghafla mara nyingi kuliko kawaida. Kitambuzi huuona mshtuko huo, huwasha taa inayomwekamweka na, kikiwa cha kisasa, hutuma ujumbe kupitia mtandao wa simu hadi ofisi ya mafundi.

Uzuri wake huonekana kwenye njia panda. Nyaya za mashambani hugawanyika kama matawi ya mti. Tuseme vitambuzi vitano vimewekwa kwenye njia moja. Cha kwanza, cha pili na cha tatu vimewaka, lakini cha nne na cha tano havikuwaka. Mshtuko ulipita kwenye cha tatu lakini haukufika kwenye cha nne. Basi hitilafu iko kati ya cha tatu na cha nne, na fundi hana haja ya kukagua sehemu nyingine.

Njia ya pili hutumia vyombo vilivyomo katika kituo cha umeme. Vyombo hivyo hurekodi volti na mkondo wakati wa hitilafu. Kwa kuwa ukinzani wa kila kilomita ya waya unajulikana, kompyuta hupiga hesabu na kusema, kwa mfano, kwamba kasoro iko umbali wa kilomita 15.

Hata hivyo, jibu hilo lina walakini. Ikiwa njia ina matawi matatu, huenda kila tawi likawa na nguzo iliyo umbali wa kilomita 15. Ndipo taa za vitambuzi vya njia panda husaidia kuchagua tawi.

HESABU YA MAWIMBI

Kwa njia ndefu za kusafirisha umeme, kuna mbinu sahihi zaidi. Hitilafu inapotokea, mawimbi ya umeme hukimbia pande zote mbili za waya kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, yaani takriban mita 300 katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Vitambuzi vilivyo kwenye ncha mbili hurekodi wakati ambapo mawimbi yalifika, vikitumia saa zinazolinganishwa kwa setilaiti. Chukua njia ya kilomita 60. Ikiwa mawimbi yalifika ncha ya kwanza sehemu 40 za milioni za sekunde kabla ya kufika ncha ya pili, tofauti ya umbali ni kilomita 12. Hivyo basi hitilafu iko kilomita 24 kutoka ncha ya kwanza na kilomita 36 kutoka ya pili.

Mafundi huelekea hapo moja kwa moja badala ya kukagua kilomita zote 60.

WAYA ULIOLALA CHINI

Kuna hitilafu moja ambayo ni hatari kuliko giza. Waya ukikatika na kuangukia mchanga mkavu, mwamba au lami, umeme unaopenya ardhini huwa mdogo. Swichi ya kinga iliyoko kituoni huenda isiutambue kama hitilafu, na waya hubaki na umeme huku umelala njiani.

Aidha, swichi nyingi za njia za mashambani hujirudisha zenyewe. Hukata umeme, husubiri kidogo, kisha huurejesha, kwa sababu hitilafu nyingi ni za muda tu, kama vile tawi lililogusa waya na kuondoka. Kwa hivyo waya ulioonekana kufa waweza kufufuka baada ya sekunde chache.

Vitambuzi vya taa pia vyaweza kushindwa hapo, kwa kuwa hakuna mshtuko mkubwa wa kuviamsha. Ndiyo maana wataalamu huongeza vifaa vinavyopima volti mwishoni mwa njia. Volti ikitoweka upande wa mbali ilhali kituoni kila kitu kinaonekana sawa, ni dalili kwamba waya umekatika katikati.

Mita za kisasa zaweza kufanya kazi hiyo. Zina akiba ndogo ya umeme inayoziwezesha kutuma ujumbe wa mwisho kabla ya kuzimika. Mita nyingi za tokeni zilizozoeleka Kenya hazina uwezo huo. Hupokea nambari 20 za mteja lakini hazimwambii yeyote kwamba nyumba imeingia gizani.

Accra, Ghana, ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliweka katika nyumba na maduka vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi. Umeme ukipotea, kifaa hutoa taarifa bila mwenye nyumba kupiga simu. Vifaa kadhaa vilivyo karibu vikinyamaza pamoja, hujulikana kwamba tatizo ni la mtaa, si la fyuzi ya mtu mmoja.

VIKWAZO

Vitambuzi si dawa ya kila ugonjwa. Vingi hujichaji kwa nguvu za sumaku za waya, lakini njia za mashambani zenye wateja wachache hubeba mkondo mdogo usiotosha. Hapo huhitajika betri au paneli ndogo ya sola, na kifaa chenye paneli huwavutia wezi, sawa na transfoma ambazo zimekuwa zikiibiwa mafuta na shaba.

Mawasiliano nayo ni suala. Mnara wa simu ukikosa umeme na betri zake zikaisha, ujumbe wa kitambuzi hauendi popote. Isitoshe, ujumbe usio na gari, ngazi, waya wa akiba na fundi aliye karibu hautawasha taa ya mtu.

Kuna pia suala la haki. Njia inayohudumia viwanda huleta mapato makubwa kuliko njia inayoishia kwenye ufuo wa wavuvi, na ni rahisi vifaa vipya kuanzia mjini na kukomea huko. Lakini ni njia ndefu ya mashambani, yenye mafundi wachache na barabara mbovu wakati wa mvua, ambako kila saa ya kutafuta iliyookolewa ina faida kubwa zaidi.

Kwa sasa, jicho la mkazi lingali kitambuzi cha kwanza. Anayeona nguzo iliyoinama, cheche usiku au mti unaokaribia waya anashauriwa kuripoti mapema kwa Kenya Power, ikiwemo kupitia *977# kwenye simu, akitaja mahali na alama iliyo karibu kama vile shule, soko au transfoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Waya ukiwa chini, watu na mifugo wakae mbali, angalau mita 10, na pasiwe na wa kuugusa kwa fimbo wala kuusogeza. Aliyejikuta karibu nao aondoke kwa hatua fupi za kuburura nyayo, kwa kuwa tofauti ya volti kati ya mguu mmoja na mwingine yaweza kuua.

Na umeme ukiwa umepotea kote, waya huo uhesabiwe kuwa una umeme hadi fundi mwenyewe atakaposema vinginevyo.