Ligi huanza na vumbi, huisha na tope: Tairi lako liko tayari?

LIGI Kuu Bara huanza Agosti, wakati Nyanda za Juu Kusini ni kukavu na vumbi linatimka. Ikifika Machi na Aprili, pointi zinahesabiwa mojamoja, na Kyela mvua haina mapumziko. Shabiki ni yule yule, Prado ni ile ile, na Uwanja wa Sokoine uko pale pale Mbeya. Kilichobadilika ni barabara, lakini matairi ya wengi bado ni yale ya Agosti, tena yameshalika.

Kwa mtu wa Lyulilo, kule ufukweni jirani na Matema ambako vyungu vya Wakisi huuzwa, kwenda kuwaona Wajelajela wakiikaribisha Simba au Yanga si safari ndogo. Ni zaidi ya kilomita 100, kwenda tu. Unaanzia ziwani, unapita mashamba ya mpunga ya Ipinda, unazipanda kona za Tukuyu kwenye mvua na ukungu, kisha ndiyo uifikie Uyole. Kurudi ni usiku, dereva kachoka, na mteremko wote unakusubiri.

SOMO LA BERN

Wapenda soka wanaijua fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 pale Bern, Uswisi. Hungary waliongoza 2-0 ndani ya dakika nane tu. Mvua ilinyesha, uwanja ukalowa, na Ujerumani Magharibi walikuwa na viatu vya Adi Dassler ambavyo njumu zake zilibadilishwa kulingana na hali ya uwanja. Wakashinda 3-2. Njumu peke yake hazifungi mabao, lakini anayeteleza hafungi pia.

Tairi nalo ni kiatu. Lenye herufi H/T ni la lami, limetulia na halili sana mafuta. A/T ni kiungo mkabaji: lami linaiweza, changarawe na tope la kawaida pia. M/T lina kashata kubwa za kuchimba tope zito, ila kwenye lami iliyolowa linashika vibaya na lina kelele. Anayekwenda Mbeya kwa lami na kuingia shambani mara mojamoja, A/T linamtosha. M/T mwachie anayeishi kwenye tope.

USINUNUE THELUJI

Kwenye matairi ya mtumba, angalia ubavuni. Ukiona alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo limetengenezwa kwa ajili ya baridi ya ughaibuni. Likiwa la theluji hasa, mpira wake ni laini, na kwenye joto la Kyela litalika haraka na gari litayumba kwenye kona. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Tairi zee hukakamaa hata kama kashata bado zipo.

KABLA YA KIPENGA

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vibonge vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Masika usisubiri hapo, badilisha zikiwa milimita 3, maana mifereji ikiwa mifupi maji hayana pa kupita, gari linaelea na breki zinakuwa pambo. Ukinunua mawili tu, mapya yafungwe nyuma, ili mkia usikutoke kwenye kona. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lipewe manne yanayofanana. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, na tairi la akiba lipimwe pia.

Kazi hii ifanyike kabla ya Novemba, mvua hazijaanza. Ukipoteza pointi tatu Sokoine, wiki ijayo kuna mechi nyingine. Ukipoteza gari kwenye kona za Tukuyu ukiwa na watoto nyuma, hakuna marudiano.